Maonyesho 16, kisha miaka 42 ya marekebisho: kisa cha Merrily We Roll Along

Jumapili ya tarehe 29 Novemba 1981, kundi la vijana liliingia studio ya kurekodia muziki. Usiku wa jana yake walikuwa bado waigizaji wa Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York. Sasa hawakuwa na kazi. Onyesho lao, tamthilia ya muziki Merrily We Roll Along, lilikuwa limefungwa Jumamosi, na kilichobaki ni kuimba nyimbo zake mara moja ya mwisho mbele ya maikrofoni, halafu kila mmoja ashike njia yake. Ukiisikiliza rekodi ile leo, utadhani unasikia sauti za watu waliokwishamaliza kulia.

Hesabu yake ni hii: maonyesho 52 ya majaribio, ufunguzi rasmi tarehe 16 Novemba, maonyesho 16, basi. Majaribio ya mbele ya watu yalizidi mara tatu umri wa onyesho lenyewe. Na mtunzi wa muziki na mashairi yake hakuwa mgeni wa mjini. Alikuwa Stephen Sondheim, miaka 51, ambaye ndani ya miaka kumi hivi alikwishatwaa tuzo ya Tony, ile kuu ya Broadway, ya muziki kwa tamthilia nne: Company, Follies, A Little Night Music na Sweeney Todd. Mwongozaji alikuwa Harold Prince, mwenzake katika zote nne. Mafundi wa namna hiyo ukiwapa mbao unatarajia kitanda, si kuni.

Kuna maelezo mawili yanayorudiwa kila kisa hiki kinapotajwa. La kwanza ni kwamba kazi ilitangulia wakati wake. La pili ni kwamba wahakiki wa New York walikuwa wamechoka kuwasifu wawili hao na wakaona nafasi ya kuwashusha. Yote mawili yanapendeza, maana yanamwacha mtunzi akiwa safi. Mimi siyakubali. Nyimbo zilikuwa nzuri, na kwa sehemu kubwa ni zile zile zinazoimbwa hadi leo. Tatizo lilikuwa mabega zilikopachikwa.

Zoezi la pili

Sondheim alizaliwa New York tarehe 22 Machi 1930. Wazazi wake walikuwa watu wa biashara ya mavazi. Walitengana akiwa na miaka kama 10, na baadaye mama akahamia naye kaunti ya Bucks, Pennsylvania, karibu na kwa Oscar Hammerstein II, mwandishi wa mashairi ambaye pamoja na Richard Rodgers alikuwa akiibadili sura ya tamthilia za muziki za Marekani. Kijana akafanya urafiki na mtoto wa nyumba ile. Punde akawa mtu wa pale kuliko wa kwao.

Alipofika miaka kama 15 aliandika onyesho la shule, akampelekea Hammerstein na kumwomba alisome kana kwamba hamjui mwandishi. Hammerstein akalisoma, akamwambia ndicho kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kuletewa. Kisha akakaa naye mchana mzima akimwonyesha ubaya ulipo, kipande kwa kipande. Sondheim hakuacha kuusimulia mchana ule hadi uzeeni.

Baada ya hapo mzee alimpa mazoezi manne. Chukua mchezo wa kuigiza unaoupenda, uugeuze tamthilia ya muziki. Chukua mchezo mwingine ambao ni mzuri ila una kasoro, uugeuze na uitibu kasoro hiyo. Chukua hadithi ambayo haijawahi kuwekwa jukwaani. Mwisho, buni yako mwenyewe. Kwa zoezi la kwanza kijana alichagua mchezo wa George S. Kaufman na Marc Connelly. Lishike jina la Kaufman, tutakutana nalo tena.

Mwaka 1947, akiwa na miaka 17, Hammerstein alimchukua kuwa tarishi kwenye Allegro, kazi mpya ya Rodgers na Hammerstein: kupeleka kahawa, kupiga chapa kurasa zilizobadilishwa. Allegro ni hadithi ya daktari anayepanda ngazi mjini hadi anajisahau. Ilikuwa ya kijasiri kwa umbo na haikukaa sawa, hasa nusu yake ya pili. Sondheim alikuja kukiri, nusu kwa utani, kwamba maisha yake yote alikuwa akijaribu kuirekebisha nusu ile.

Tukiijua habari hiyo, kilichotokea 1981 hakionekani tena kama ajali. Merrily ni zoezi la pili la Hammerstein likifanywa hadharani, tiketi zimeuzwa: mchezo mzuri wenye kasoro, mwandishi wake Kaufman, mada yake mtu aliyefanikiwa akajipoteza. Mwanafunzi alikuwa amerudi kwenye somo lile lile lililomshinda mwalimu wake.

Hadithi inayotembea kinyumenyume

Mchezo wa asili, usio na nyimbo, waliuandika Kaufman na Moss Hart mwaka 1934. Unaanza na mwandishi tajiri aliyewapoteza rafiki zake, kisha kila sehemu inarudi nyuma kwa miaka, hadi tunamwona akiwa kijana anayemaliza chuo na maneno makubwa mdomoni. Haukudumu: maonyesho 155. Herman Mankiewicz, mwandishi wa filamu, anakumbukwa kwa kuukejeli: jamaa ana fedha, ana umaarufu, wanawake wanampenda, sasa shida yake ni ipi hata tumwonee huruma?

Ni kejeli, lakini ni utambuzi wa daktari. Ukianza na mtu tajiri mwenye roho mbaya na ukasubiri saa mbili kuonyesha kwamba zamani alikuwa mwema, mtazamaji anaweza kukuachia huyo mtu wako kabla hujamfikisha kwenye wema. Kasoro hii ilikuwepo miaka 47 kabla Sondheim hajaigusa.

Wazo la kuufufua lilitoka nyumbani kwa Prince. Mkewe, Judy, alimshauri afanye kitu kuhusu vijana, na Prince akaukumbuka mchezo ule. George Furth, aliyeandika maongezi ya Company, akapewa kazi ya kuuandika upya. Mwandishi wa michezo akageuka mtunzi wa muziki, Franklin Shepard. Rafiki zake wakawa Charley Kringas, anayemwandikia mashairi, na Mary Flynn, mwandishi anayempenda Frank kimyakimya na kumalizia mapenzi yake kwenye chupa. Toleo la 1981 lilianzia 1980, Frank akiwa na miaka 43 na amealikwa kuhutubia wahitimu wa shule yake ya zamani, likarudi nyuma hadi 1955.

Wimbo mmoja, mara mbili

Tamthilia ya muziki ya kawaida ina desturi yake. Wimbo wa mapenzi huimbwa mapema, watu waupende. Baadaye, mambo yakiharibika, mahadhi yale yale hurudi kwa upole au kwa uchungu, na mtazamaji anachomwa na kumbukumbu yake mwenyewe. Muziki unafanya kazi kwa sababu sikio linakumbuka.

Sasa igeuze hadithi. Ukitembea kinyumenyume, marudio yanakuja kabla ya wimbo. Sondheim hakuikwepa hoja hii, aliijenga kazi nzima juu yake. Kipande kinachosikika mwanzoni kama vumbi la ala, au mistari miwili ya haraka, kinakuja kufunuliwa baada ya mapumziko kuwa wimbo kamili. Mahadhi ya wimbo mmoja yanakuwa msingi wa kusindikiza mwingine. Aliwajengea Frank na wenzake ghala moja la sauti, halafu akaanza kulifungua kwa mlango wa nyuma.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Not a Day Goes By". Mara ya kwanza tunausikia ndoa ya Frank na Beth, mke wake wa kwanza, ikivunjika. Mashairi yanasema haipiti siku bila wewe, na hapo maneno hayo ni kidonda: mtu anataka kusahau na hawezi. Mahadhi yanapanda hatua kwa hatua, yanang'ang'ania, kama mtu anayeomba siku hizo ziishe. Katika matoleo ya baadaye anayeimba ni Beth. Mwaka 1981 aliimba Frank.

Katika nusu ya pili tunafika siku ya harusi yao, mwaka 1960. Wimbo ni ule ule na maneno ni karibu yale yale. Safari hii ni kiapo: haipiti siku bila wewe, na wala sitaki ipite. Beth anaimba, Frank anaimba, wamefurahi hadi hawaoni mtu. Na pembeni, bila wao kumsikia, Mary naye anaimba, kwa sababu kila neno linalosemwa kwa Beth ni la kwake kwa Frank. Watatu wanaimba shairi moja: wawili kwa raha, mmoja kwa msiba, na mtazamaji yupo upande wa Mary maana amekwishaiona mwaka 1967 huyu bibi harusi atakavyotoka mahakamani.

Hapo mtunzi hajaongeza chochote. Hakuna noti ya huzuni iliyochomekwa kwenye harusi. Huzuni yote umekuja nayo wewe uliyekaa kwenye kiti. Sijui chombo kingine cha sanaa kinachoweza kufanya jambo hilo kwa dakika tatu.

Mfano wa pili unachekesha. Katika "Opening Doors" tunawaona Frank na Charley wakiwa kapuku, chumba kimoja, piano na mashine ya kupiga chapa, wanaandika na kubomoa na kuandika tena. Wanampelekea mtayarishaji, Joe, wimbo wao. Joe anasikiliza kidogo tu, anawakatiza: tatizo lenu hamna mahadhi mtu anayoweza kuyavumisha akitoka ukumbini. Lawama hiyo Sondheim mwenyewe alipigwa nayo maisha yake yote, na aliwahi kusema huu ndio wimbo pekee aliouandika kutoka maishani mwake moja kwa moja. Lakini tazama mtego. Mahadhi anayoyakataa Joe ni yale yale ambayo sisi watazamaji tumekwishayasikia kama "Good Thing Going", kibao kitakachowatajirisha. Tumekwisha kuyavumisha. Joe anasema hayavumishiki na yamo vinywani mwetu.

Ila utani huo una sharti. Lazima ukumbuke kwamba jamaa huyu kapuku kwenye piano ndiye yule bwana wa sherehe ya mwanzo. Lazima umtambue Mary pale pembeni. Sharti hilo likikatika, unabaki na nyimbo nzuri tu zilizopangwa ovyo.

Yaliyotokea Alvin

Prince aliamua nafasi zote zichukuliwe na vijana, wengine hawajafika hata miaka 20. Alitaka tuone utu uzima ukiigizwa na watoto, ili mwishoni, hadithi inapofika kwenye ujana, miili na wahusika vikutane. Kwenye karatasi wazo hili linavutia mno. Ndilo pia lililoua onyesho.

Fikiria upo ukumbi wa Alvin, pale Broadway. Pazia linafunguka, kijana wa miaka ishirini na kitu anakuambia ana 43. Anayemzonga ni kijana mwingine, eti mke wake wa pili. Kuna msichana aliyelewa, eti amekata tamaa ya maisha. Dakika ishirini baadaye mambo yamerudi nyuma miaka kadhaa, na vijana wale wale wana sura zile zile. Mchezo unategemea umwone mtu akipungua umri, na hakuna anayepungua. Mwigizaji wa makamo anayecheza kurudi ujanani anakufanyia hesabu ya miaka usoni mwake: mabega yanainuka, sauti inapata nuru. Kijana anayecheza uzee anaweza kukuigizia nywele za mvi, lakini uchovu hana.

Watazamaji walianza kutoka kabla ya mwisho, na magazeti yakaandika kwamba wanatoka. Ili watu waelewe nani ni nani, mavazi ya awali yaliwekwa kando, na waigizaji wakavishwa fulana nzito zilizoandikwa kifuani: jina la mhusika, au uhusiano wake na mhusika mwingine. Nakuomba usimame kidogo kwenye picha hiyo. Mtunzi amesuka mtandao wa sauti ambamo sikio lako linamtambua mtu kabla jicho halijamtambua, na juu yake imepachikwa fulana yenye maandishi. Fulana zile zimechekwa kwa miaka. Mimi naziona kama kipimajoto: waliozivalisha walijua joto limefika wapi, hawakujua tu ugonjwa ni upi.

Kulikuwa na jambo jingine, la kifedha. Desturi ya zamani ilikuwa kupeleka onyesho jipya miji ya mbali, Boston au Philadelphia, likatengenezwe huko kabla ya New York kuliona. Ili kubana gharama, safari hii majaribio yalifanyika hapo hapo Broadway. Kwa hiyo kila kosa lilifanywa mbele ya mji wenye ulimi mrefu kuliko yote katika biashara hii. Mwigizaji mkuu aliondolewa katikati ya majaribio na Jim Walton, aliyekuwa na nafasi ndogo, akapandishwa kuwa Frank. Mbunifu wa dansi akabadilishwa. Ufunguzi ukaahirishwa. Mchana mazoezi ya mabadiliko, usiku kuonyesha, na kesho yake upya. Prince alikuja kueleza kwamba kichwani alikuwa ameliona jukwaa tupu lenye nguo zimetundikwa tu, ila aliogopa watu waliolipa bei ya tiketi ya Broadway wasije wakakiona ni kitu cha shule. Mwishoni wakapata kilichogharimu fedha na bado kikaonekana cha shule.

Wahakiki walifika. Frank Rich wa New York Times, aliyezipenda nyimbo, aliandika kwamba kuwa shabiki wa Sondheim ni kukubali kuvunjwa moyo kila baada ya muda. Tarehe 28 Novemba taa zikazimwa.

Nasema haikuwa kutangulia wakati, kwa sababu mtu anaposhindwa kumtofautisha mke wa kwanza na wa pili, kosa haliko kwenye karne aliyozaliwa. Na sidhani wahakiki walihitaji kisasi. Waliona kitu ambacho hakijaiva. Mapungufu yalikuwa mawili na yalipandana: hadithi ilirithi kutoka 1934 mhusika mkuu asiyependeka, halafu uamuzi wa kuweka vijana ukaondoa chombo pekee ambacho kingetufanya tumvumilie, yaani mwili wa mtu mzima unaoonyesha alichopoteza. Muziki uliachwa ubebe mizigo yote miwili. Ulikuwa na nguvu za kubeba mmoja.

Mbao zilizookolewa

Ndiyo maana naipa uzito siku ile ya studio. Kwa kawaida onyesho lililobuma hivyo halirekodiwi, maana nani atanunua? Mtayarishaji wa rekodi Thomas Z. Shepard aliendelea na mpango wake, okestra ikapiga mpangilio wa Jonathan Tunick, na albamu ikatoka 1982. Watu ambao hawakuwahi kuliona onyesho wakazijua nyimbo zake. Kwenye rekodi hakuna fulana. Hakuna kijana anayejifanya ana 43. Kuna sauti tu, na sikio linafanya kazi ile ile ambayo Sondheim aliitegemea. Wengi waliofika kwenye kazi hii waliingilia mlango huo, nami ni mmojawao: nilizijua nyimbo miaka kadhaa kabla ya kujua hadithi inarudi nyuma, na nilidhani albamu imepangwa vibaya.

Kwa waigizaji wale maisha yaliendelea. Jason Alexander, aliyekuwa Joe, alikuja kuwa sura ya televisheni. Lonny Price, aliyekuwa Charley, akawa mwongozaji, na mwaka 2016 akatoa filamu ya kumbukumbu kuhusu kundi lao.

Kwa Sondheim na Prince lilikuwa pigo la aina nyingine. Tamthilia kuhusu washirika wawili wanaotengana iliwatenganisha washirika wawili. Urafiki ulibaki, lakini kazi mpya ya pamoja haikutokea tena hadi 2003, na hiyo haikufika Broadway. Prince akaenda kuongoza The Phantom of the Opera. Sondheim alizungumza wazi kuhusu kuacha jukwaa kabisa, aandike hadithi za upelelezi au atengeneze michezo ya video.

Hakuacha. Alikutana na James Lapine, kijana aliyetoka kwenye kumbi ndogo zisizo za faida, na mwaka 1983 wakaonyesha Sunday in the Park with George kwenye ukumbi wa Playwrights Horizons. Nusu ya pili ilikuwa haijakamilika, watazamaji waliiona katika maonyesho matatu ya mwisho tu. Hilo ndilo tofauti na Alvin: mahali unaporuhusiwa kuwa na kitu kisichomalizika bila mji mzima kukuchungulia. Onyesho lilihamia Broadway 1984 na mwaka uliofuata likapata tuzo ya Pulitzer. Ukipenda, unaweza kusema bila kuanguka kwa Merrily kusingekuwa na kazi hiyo. Mimi nasita kuisemea bahati mbaya vizuri kiasi hicho.

Ukarabati

Jambo lisilo la kawaida ni kwamba Sondheim na Furth hawakuiacha. Mwaka 1985 Lapine aliiongoza La Jolla, California, ikiwa imeandikwa upya. Sherehe ya wahitimu na wimbo wake vikaondolewa, pakaongezwa wimbo wa Frank uitwao "Growing Up", na baada ya muda wimbo wa ufunguzi wa sherehe ya matajiri ukabadilishwa. Kazi iliendelea hadi Leicester, Uingereza, mwaka 1992, na New York 1994. Hadithi sasa ilianzia 1976 na kuishia 1957. Kubwa kuliko yote, nafasi zilikwenda kwa watu wazima.

Mwaka 2000 ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa Donmar, London, na kutwaa tuzo ya Olivier, ya kumbi za London, ya tamthilia mpya bora ya muziki. Mpya, baada ya miaka 19. Hapo kuna utani ambao Sondheim mwenyewe angeweza kuutungia vina.

Huko Leicester aliyecheza Mary alikuwa Maria Friedman. Miaka 20 baadaye, 2012, yeye ndiye aliyeiongoza kwenye ukumbi mdogo wa Menier Chocolate Factory, London. Alifanya jambo rahisi: alimweka Frank katikati tangu mwanzo, kama mtu mzima anayejikagua, na kila kinachofuata kikawa kumbukumbu yake. Swali la Mankiewicz likapata jibu bila mstari mpya kuandikwa. Tunamwonea huruma kwa sababu naye anaona tunachokiona.

Sondheim alifariki tarehe 26 Novemba 2021, siku mbili kabla ya kutimia miaka 40 tangu taa za Alvin zizimwe. Mwaka uliofuata toleo la Friedman likafika New York Theatre Workshop, na Oktoba 2023 likafunguliwa Broadway, ukumbi wa Hudson: Jonathan Groff kama Frank, Daniel Radcliffe kama Charley, Lindsay Mendez kama Mary. Wote watatu walikuwa kati ya miaka 34 na 40. Watu walikaa hadi mwisho, na tiketi zikawa za kugombewa. Kwenye Tony za 2024 ilitwaa tuzo ya ufufuo bora wa tamthilia ya muziki, Groff na Radcliffe wakapata za uigizaji, na Tunick, yule yule aliyeipangia ala mwaka 1981, akapata ya mpangilio wa okestra.

Sehemu ya mwisho ya hadithi sasa ni hii: paa la jengo, alfajiri ya mwaka 1957, Frank na Charley wamepanda kuitafuta Sputnik, satelaiti ya kwanza, angani, na Mary, jirani ambaye bado hawamjui, naye amepanda kuitafuta. Wanaimba kwamba zamu yao imefika. Ukumbi wa Hudson watu walikuwa wakilia hapo, kwa wimbo ambao Alvin ulipoanza viti vingi vilikuwa tayari vitupu.

Swali la miili halijaisha, lakini limepata jibu la ajabu. Tangu 2019 mwongozaji wa filamu Richard Linklater anaipiga Merrily kwa mpango wa miaka 20 hivi, akiwarudia waigizaji wale wale, Paul Mescal sasa akiwa Frank, kila umri wao unapofika. Paa na Sputnik vinapigwa kwanza, waigizaji wakiwa vijana kweli. Sherehe ya matajiri inayofungua hadithi itapigwa mwishoni, watakapokuwa na miaka ile ambayo mwaka 1981 vijana walijifanya wanayo.